Stresi ya Nini Hasa?

Saa mbili usiku mwanamume anafungua mlango, anatupa begi kwenye kochi, hagusi chakula. Mkewe anauliza kulikoni, naye anajibu, "Niache kwanza, Mama Asha, nina stresi." Jibu hilo linatosha kufunga mazungumzo. Ni neno linalopita kila mahali, ofisini, saluni, kwenye daladala, hata kanisani na msikitini, kwa sababu halimwaibishi anayelisema wala halimlazimishi anayelisikia aulize zaidi. Lakini angalia yanayoweza kujificha nyuma yake. Huenda bwana huyu anaogopa, maana kodi ya miezi sita imefika na mwenye nyumba ameshapiga simu mara mbili. Huenda bosi amemkaripia mbele ya vijana ambao yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kazi. Huenda amesikia kwamba rafiki aliyemaliza naye shule amenunua kiwanja cha pili. Huenda amemdanganya mtu na nafsi inamsuta. Hofu, fedheha, kijicho na majuto ni mambo manne yasiyo na undugu, na kila moja lina njia yake ya kutokea. Baba Asha ameyafunga yote kwenye mfuko mmoja, akaweka mfuko mezani na kwenda kulala.

Hoja ya makala haya ni kwamba kuitaja hisia kwa jina lake ni kazi ya kutafuta chanzo, na anayekosea jina hukosea na dawa. Kinachosikitisha ni kwamba majina tunayo. Tumeyaacha kabatini, tukawa tunavaa nguo moja kwa harusi na kwa msiba.

Historia ya neno stresi yenyewe inaeleza tabia yake. Mwaka 1936 Hans Selye, mtafiti wa asili ya Hungaria aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, alichapisha taarifa fupi katika jarida la Nature kuhusu panya wa maabara. Wengine walikuwa wamewekwa kwenye baridi kali, wengine wamejeruhiwa kwa upasuaji, wengine wamechoshwa kwa mazoezi ya nguvu, wengine wamepewa dawa kupita kiasi. Alipowachunguza, aliona miili yao imeitikia kwa namna moja, bila kujali kilichowasibu: tezi zilizo juu ya figo zimekua, tumbo limepata vidonda. Baadaye mwitikio huo usiojali chanzo ndio aliouita stress, neno lililokuwa likitumiwa na wahandisi kueleza mkazo unaokipata chuma kinapobebeshwa mzigo. Yaani neno hili lilipewa kazi ya kutotofautisha. Kwa mtafiti anayepima tezi za panya, hiyo ni faida kubwa. Kwa mtu anayetaka kujua kesho asubuhi aanzie wapi, ni hasara, kwa kuwa limefuta hasa kile anachohitaji kukijua.

Kazi ya kutofautisha Kiswahili kilishaifanya zamani. Chukua eneo moja tu, la mtu kujisikia vibaya mbele ya macho ya wenzake. Haya humzuia mtu kabla hajatenda. Ndiyo maana kuwa nayo ni sifa, na kuambiwa huna haya ni tusi. Aibu humjia baada ya jambo kutokea, hata kama anayelijua ni yeye peke yake. Fedheha inahitaji hadhira: neno lenyewe limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufichua, na hakuna anayefedheheka akiwa amejifungia chumbani. Halafu kuna kutahayari, pale uso unapobadilika na maneno kukwama kooni, jambo la dakika chache lisilo na kosa lolote ndani yake. Sasa fikiria tiba. Mwenye haya anahitaji kupewa muda. Aliyefedheheshwa anahitaji heshima yake irudishwe palepale ilipovuliwa, mbele ya walewale walioona ikivuliwa. Ukimpa huyu wa pili dawa ya yule wa kwanza, utamwambia "utazoea tu," na hapo utakuwa umemfedhehesha tena.

Ndivyo ilivyo kwa hasira. Hamaki huwaka na kuzimika kabla chai haijapoa. Ghadhabu ni nzito, nayo kwa kawaida ni ya mwenye uwezo wa kuadhibu. Tunaisikia ikitajwa kwa Mungu na kwa watawala kuliko kwa mtoto wa chekechea. Kinyongo ukikitazama vizuri utaiona nyongo ndani yake, nyongo ndogo iliyobaki tumboni baada ya ugomvi kwisha, na mwenye nacho anaweza kukusalimu, kucheka nawe na kula kwako. Upande wa kutamani cha mwenzio nao una ngazi zake. Wivu mara nyingi ni wa mtu anayelinda alichonacho kisichukuliwe. Kijicho ni jicho dogo linaloitazama sahani ya jirani. Husuda imevuka hapo: inataka sahani ile ivunjike, hata kama mwenye husuda hataambulia punje. Na kijiba cha roho ni mwiba mwembamba unaochoma kila jina la mtu fulani linapotajwa, na aliyechomwa mwenyewe atakwambia hana tatizo na mtu yule hata kidogo.

Maneno mengi kati ya haya yametoka Uarabuni, lakini hayakubaki kama yalivyoletwa. Ari imetoka kwenye neno ambalo kwa Kiarabu ni aibu, doa la heshima. Pwani ya Afrika Mashariki ikaligeuza kuwa ule msukumo wa kutokubali kushindwa, nguvu inayozaliwa pale mtu anapokataa kuaibika. Hamu ilikuwa wasiwasi na mashaka. Kwetu imekuwa kiu ya kumwona mtu au kula kitu. Wasiwasi wenyewe ulikuwa mnong'ono, ule wa shetani anayemnong'oneza mtu kifuani, na aliyewahi kukesha akijiuliza kama amefunga mlango hahitaji maelezo zaidi kuhusu ufaafu wa neno hilo. Mabadiliko haya hayakuamuliwa na baraza lolote. Watu walikuwa na tofauti walizohitaji kuzisema, wakazichonga kwa maneno waliyokuwa nayo mkononi.

Mtu anaweza kuuliza kama hayo yote hayabaki kuwa uzuri wa lugha tu, kitu cha kuwafurahisha watunga kamusi. Hapa ushahidi wa maabara una la kusema. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaweka watu 30 kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaonyesha nyuso zenye hasira au hofu. Katika zoezi moja walichagua neno linalotaja hisia iliyo usoni. Katika jingine walichagua jina la mtu linaloweza kuufaa uso ule. Mazoezi yote mawili yalikuwa ya kuoanisha uso na neno. Lakini walipotaja hisia tu ndipo amigdala, kile kisehemu cha ubongo kinachopiga kengele ya hatari, ilipotulia zaidi, na sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kulia ikaongeza kazi. Kutaja jina la Juma au Hadija hakukuleta utulivu uleule.

Jaribio jingine la chuo hichohicho, lililochapishwa mwaka 2012, linavutia zaidi kwa sababu lilifanyika kwa hofu ya kweli. Watu 88 wanaoogopa buibui waliletwa mbele ya buibui mkubwa mwenye manyoya, yuko hai, wakatakiwa kumsogelea. Kundi moja liliambiwa liseme linachohisi: naogopa, nahisi karaha, nina wasiwasi buibui huyu asinirukie. La pili lilitakiwa kujipa moyo kwa kusema buibui mdogo vile hana hatari. La tatu lilizungumza mambo mengine kabisa, na la nne halikuambiwa liseme chochote. Wiki moja baadaye walirudishwa mbele ya buibui, na waliotaja hofu yao ndio waliotokwa na jasho dogo zaidi viganjani kuliko makundi mengine. Tena miongoni mwao, waliotumia maneno mengi zaidi ya hofu walinufaika zaidi. Jambo hili linakwenda kinyume na mazoea yetu, maana anayeogopa huwa tunamwambia "usiogope, si kitu." Kundi lililojiambia "si kitu" halikufua dafu.

Sababu inayotolewa na watafiti kama Lisa Feldman Barrett wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, ni kwamba mwili peke yake hautoi habari za kutosha. Moyo kwenda mbio ni moyo kwenda mbio, iwe unasubiri matokeo ya mtihani, unamsubiri mchumba stendi, au umemwona mwizi wako wa simu sokoni. Waswahili husema tumbo joto, roho juu, mwili kusisimka, na maneno hayo yanaweza kumhusu bibi harusi na mshtakiwa sawia. Ubongo hulazimika kukisia: hali hii imetokana na nini, na nifanye nini? Kwa mujibu wa Barrett, ubongo hukisia kwa kutumia dhana ulizojifunza, na mwenye dhana chache hukisia kwa kupapasa. Mapitio ya tafiti aliyoyachapisha mwaka 2015 akiwa na Todd Kashdan na Patrick McKnight yanaonyesha kwamba watu wanaozitofautisha kwa undani hisia zao mbaya huwa na mwelekeo mdogo wa kukimbilia pombe wanapozidiwa, na huwa wagumu zaidi kumrudishia kipigo mtu aliyewaudhi. Ni kweli kwamba tafiti za namna hii nyingi huonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, bila kuthibitisha lipi limezaa lipi. Huenda mtu mtulivu ndiye mwenye nafasi ya kuchagua maneno. Ndiyo maana majaribio kama lile la buibui, ambapo watu waligawanywa kwenye makundi, yana uzito wake.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wanaosema hisia ni za mwili na za wanadamu wote, hivyo maneno hayaongezi wala kupunguza kitu. Mwanasaikolojia Paul Ekman alisafiri mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi Papua New Guinea, kwa Wafore walioishi mbali na sinema na magazeti, akawasimulia visa na kuwataka wachague picha ya uso unaohusika. Kutokana na kazi hiyo ikasambaa orodha maarufu ya hisia sita za msingi: furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao na karaha. Orodha hiyo ina ukweli wake, lakini hata Wafore hawakuzitenganisha nyuso za hofu na za mshangao. Watafiti waliokwenda visiwa vya Trobriand, nchi hiyohiyo, waliripoti mwaka 2016 kwamba uso wa macho makubwa na mdomo wazi, ambao Ulaya husomwa kuwa wa hofu, huko husomwa kuwa wa mtu anayetisha. Nao Alan Cowen na Dacher Keltner wa Berkeley, mwaka 2017, waliwaonyesha watu video fupi 2,185, na majibu yakawapa makundi 27 ya hisia yenye mipaka inayoingiliana. Hata tukikubali kwamba mizizi ni sita, hakuna anayekula mizizi. Fedheha ya Baba Asha haimo katika orodha ya Ekman, ilhali huenda ndiyo iliyomnyima chakula cha usiku.

Pingamizi la pili ni la upande wa pili kabisa: ikiwa maneno ni muhimu hivyo, je, watu wasio na neno fulani hawaihisi hisia hiyo? La hasha. Robert Levy, aliyefanya utafiti Tahiti miaka ya 1960, alieleza kwamba lugha ya huko ilikuwa na maneno mengi ya hasira lakini haikuwa na neno la moja kwa moja la huzuni. Watu walifiwa na kuachwa kama kwingine kote. Tofauti ni kwamba walisema wamechoka, mwili mzito, wanaumwa, na wakati mwingine wakahisi pepo ndiye kawagusa. Huzuni ilikuwepo, ila ilipelekwa kwa mganga wa mwili. Msomaji asiwacheke, wahudumu wa zahanati zetu wanawajua wagonjwa wanaokuja na kichwa kinachowaka moto, ganzi na maumivu yanayotembea mwilini, kumbe kilichotangulia ni msiba usioliliwa.

Wala neno moja kubeba mambo mengi si lazima kuwe umaskini. Uchungu ni ladha ya mwarobaini, ni maumivu ya mama aliye leba, ni kile kinachomkaba koo aliyedhulumiwa, na ni sifa ya mwenye uchungu na nchi yake. Mwaka 2019 Joshua Jackson na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa lugha 2,474, wakitazama ni hisia zipi zinazoshirikiana neno. Kiajemi, kwa mfano, kina neno moja la huzuni na majuto, na lahaja mojawapo ya Kidargwa kule Dagestan ina neno moja la huzuni na wasiwasi. Kila lugha ina ramani yake ya ujirani, na anayesema "nina uchungu" mara nyingi anaeleweka kwa anayoyasema kabla na baada. Kinyume chake, Kiswahili hakina nomino nyepesi ya ile hali ya mtu kujihukumu kwa kosa lake. Hatia inanuka mahakama. Lakini tunasema nafsi inamsuta, na kusutwa ni kufumaniwa na kuumbuliwa kwa uongo wako, safari hii msutaji akiwa ndani yako. Hicho kirai kinafanya kazi kuliko nomino yoyote.

Na hapa niseme kwamba sina ugomvi na maneno mapya. Kijana wa Dar es Salaam anayesema "nimemaindi" ametaja jambo mahususi sana: ameudhiwa na kauli ya mtu, ameiweka, na anataka mhusika ajue kwamba ameiweka. "Nimevurugwa" nalo linatofautiana na huzuni na hasira vilevile. Mtaa unachonga tofauti kama pwani ilivyozichonga zamani. Stresi inatiliwa shaka humu kwa sababu ya uvivu wake tu. Ingekuwa na asili ya Kibantu tupu, shaka ingekuwa ileile.

Pingamizi zito zaidi ni la utamaduni. Tumelelewa kwamba mtu mzima humeza. Mwanamume halii, mke hatoi siri za nyumba, na stara ni nguo ya ndani ya heshima. Anayetangaza kila anachohisi huonekana mwepesi, na kusema kweli mara nyingi ni mwepesi. Lakini kutaja si kutangaza. Watu wa maabara hawakuhutubia hadhara. Walichagua neno tu. Na utamaduni huohuo wa stara ulijenga milango ya kando ya kusemea. Mwanamke wa Unguja au Mombasa aliyekuwa na kijiba na jirani aliweza kununua kanga yenye jina linalosema analotaka, akaivaa akipita mlangoni kwa jirani huyo bila kufumbua mdomo. Taarabu na mipasho yake imeishi kwa kuziita husuda na majigambo kwa majina yake ukumbini, watu wakiinuka kwenda kutunza pale wimbo unapomgusa mtu wao. Somo na kungwi walikuwa na kazi ya kumfundisha mwari maneno ya mambo asiyoweza kuyauliza kwa mama yake. Huo ni utamaduni uliojua kutaja sana, ukachagua pa kutajia. Tumebakiza nusu yake ya kumeza, na nusu ya kutaja tunaiacha ipotee.

Lipo pingamizi la mwisho, nalo lina ushahidi. Kuzichokonoa hisia kunaweza kuziongeza. Tetemeko la ardhi lilipoipiga California Oktoba 1989, mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alikuwa ameshawahoji wanafunzi wa Stanford siku 14 kabla kuhusu namna wanavyobeba huzuni zao. Waliokuwa na mazoea ya kuzungukazunguka ndani ya huzuni, wakijiuliza kwa nini mimi, kwa nini hivi, ndio waliokutwa na dalili zaidi za sonona baada ya tetemeko, hata wiki saba baadaye. Kiswahili kinalijua jambo hili kwa jina: kuwa na mawazo. Mtu mwenye mawazo kwa lugha yetu si mwanafalsafa, ni mtu aliyekosa usingizi. Washona wa Zimbabwe huliita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na neno hilo limeingia katika mwongozo wa magonjwa ya akili uliotolewa Marekani mwaka 2013, likiwa miongoni mwa dhana tisa tu za tamaduni mbalimbali zilizoorodheshwa humo.

Lakini mawazo hayo ya kuzunguka yana sifa moja: hayana kituo. Mtu huzunguka kwa sababu hajatua kwenye jina. Huko Harare, Zimbabwe, wanaonyesha tofauti hiyo kwa vitendo. Kuanzia mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafunza wahudumu wa afya wa jamii, wengi wao akina bibi, kuketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Hatua ya kwanza wanaiita kwa Kishona kufungua akili: mgonjwa anayataja yanayomsumbua moja baada ya jingine, kisha anachagua moja la kushughulikia. Hakuna anayeachwa aseme "nina mawazo" akaishia hapo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilihusisha watu 573 kutoka zahanati 24. Baada ya miezi 6, waliopita kwenye benchi waliokuwa bado na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7, ilhali katika kundi lililopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 49.9. Jina lilitangulia, na tendo likafuata nyuma yake mara moja. Mpango huo umeshafika hadi Zanzibar, ambako bibi kuketi barazani na kumsikiliza mtu si jambo geni la kufundishwa.

Tusilibebeshe jina mzigo usio wake. Kodi ya Baba Asha haitalipika kwa kuiita hofu kwa usahihi, na sonona ni ugonjwa unaohitaji mtaalamu, ingawa inafaa kukumbuka kwamba hata jina hilo la kitabibu limetoka kwenye kitenzi cha kawaida, kusonona, kuumia moyoni kwa muda mrefu. Aliyeshindwa kuamka kitandani wiki tatu hahitaji kamusi. Utafiti mwingine wa mwaka 2021, wa Erik Nook na wenzake, ulionyesha kwamba kutaja hisia kabla tu ya kujaribu kulitazama jambo kwa jicho jingine kunaweza kuifanya kazi hiyo iwe ngumu zaidi, kana kwamba jina limeshagandisha kila kitu. Wakati nao una nafasi yake. Anayefoka acha kwanza apumue.

Ajabu ni kwamba ustadi huu haujatutoka. Tunautumia kila siku kwa watoto. Sahani ya wali imeachwa mezani na mtoto hayupo kitini. Mgeni ataona mtoto mtundu. Bibi atatazama mara moja tu na kujua ni lipi kati ya mambo manne. Ikiwa amesusa, yaani amekataa kwa sababu nduguye kapewa mnofu mkubwa, bibi atalinganisha minofu. Ikiwa amenuna, amekaa pembeni midomo mbele, atamwacha mpaka njaa imzidi nguvu. Ikiwa anadeka, anataka kubembelezwa tu, atambembeleza kidogo na kumsuta kidogo. Na ikiwa ameona haya kwa sababu ya wageni waliojaa sebuleni, bibi hatamwita wala hatamtaja. Atainuka kama anayefuata chumvi, achukue sahani ile, na mtoto atakula jikoni, juu ya kibao cha mbuzi, mgongo wake umeelekea mlango.